Jinsi ya Kumwaibisha Shetani Ukiwa Mkazi wa Kyebando

Ijumaa usiku Kyebando, mtaa wetu hapa Kampala, hailali. Kuanzia Kisalosalo hadi huku kwetu karibu na mfereji wa Nsooba, spika za mikesha hujibizana kama majogoo. Kanisa lililo nyuma ya vyumba vyetu ni la mbao na mabati. Lina viti vya plastiki, kinanda kimoja, na spika mbili zinazotikisa sufuria zetu ukutani. Saa sita usiku Shetani huamriwa atoke. Saa nane huamriwa arudi kuzimu. Saa kumi alfajiri makoo yamekauka, lakini amri bado zinatolewa. Jumamosi tunafua, Jumapili tunasali, na Ijumaa inayofuata tunaanza kumfukuza upya, kama mpangaji aliyetupiwa vitu nje mara mia na bado ana ufunguo wa mlango.

Mimi ni mmoja wa wanaokesha. Nimeokoka, nampenda Yesu, na naamini Shetani yupo na ana nia mbaya na mitaa hii. Ndiyo maana suala la ufunguo linanisumbua. Nani anampa? Nimeishi hapa miaka ya kutosha kupata jibu, nalo ndilo kiini cha mwongozo huu: Shetani anaishi kwa uongo, na uongo unaishi gizani. Kila mtu anayeficha ukweli amemchongea ufunguo. Kila anayeusema amebadilisha kitasa.

Huu ni mwongozo wa kejeli, na anayekejeliwa ni mmoja tu, yule mwongo. Hata hivyo nina mpaka. Yuda, katika aya ya 9 ya waraka wake, anasimulia kwamba malaika mkuu Mikaeli, alipobishana na Ibilisi juu ya mwili wa Musa, hakuthubutu kumtukana. Alimwachia Bwana amkemee. Nami simtukani. Nazicheka hila zake, kwa sababu hila ikishachekwa hadharani haipati mnunuzi tena.

Hatua ya 1: Jua kazi anayoifanya

Waganda humwita Setaani, sisi tunaosema Kiswahili humwita Shetani au Ibilisi. Kiebrania cha jina lake kina maana ya mpinzani, yule anayesimama kukushitaki. Kigiriki, diabolos, kina maana ya msingiziaji. Majina yote mawili ni ya mtu anayetumia mdomo. Yesu mwenyewe, katika Yohana 8:44, alimtaja kuwa ndiye baba wa uongo.

Mtazame pale bustanini, Mwanzo sura ya 3. Hana panga wala jeshi. Ana swali moja tu, la kumfanya Hawa ashuku kama Mungu alisema kweli yale aliyosema. Swali hilo lilitosha. Hana shamba wala kiwanda, na tangu hapo hajaumba hata punje ya mtama. Mtaji wake wote ni maneno, na maneno hayo hayana nguvu mpaka wewe uyaamini.

Anafanya kazi zamu mbili. Kabla ya dhambi ni wakili wako: anakutetea, anakuambia ni jambo dogo, wote wanafanya, nani atajua. Baada ya dhambi ni mwendesha mashtaka: anakuambia wewe si mtu tena, usirudi kanisani, usimtazame mkeo usoni, Mungu amekuchoka. Ufunuo 12:10 humtaja kwa kazi hiyo ya pili, ya kuwashitaki ndugu usiku na mchana. Ukisikia moyoni sauti iliyokuambia jana kwamba si kitu, na leo inakuambia kwamba huna msamaha, usihangaike kutafuta ni sauti ya nani. Ni mtu yuleyule, amebadilisha koti.

Hatua ya 2: Usimpe sifa ya kazi asiyoifanya

Mvua kubwa ikinyesha, mfereji wa Nsooba hujaa, maji yakaingia vyumbani, magodoro yakalowa. Nimewahi kusikia maombi marefu ya kuvunja laana ya mafuriko, nikiwa nimesimama kando ya mfereji uliozibwa na mifuko ya plastiki, ile buveera tunayoitupa wenyewe. Shetani hakushika hata mfuko mmoja. Sisi tulitupa, viongozi wakachelewa kuzoa, na maji, ambayo kazi yake ni kushuka kwenda kinamasi cha Lubigi, yakakosa njia.

Ukimpa Shetani sifa ya kila jambo, unamtendea fadhili mbili. Kwanza, unamfanya aonekane mkubwa kama Mungu, yuko kila mahali na anaweza kila kitu, naye si hivyo. Pili, unawaficha wale wenye wajibu. Tarehe 10 Agosti 2024 dampo la Kiteezi, mbele yetu kule upande wa Barabara ya Gayaza, liliporomoka likafukia nyumba na kuua watu zaidi ya 30. Taka za Kampala zilikuwa zikimwagwa pale tangu 1996, na dampo lilikuwa limejaa zamani. Kumsingizia pepo katika msiba kama huo ni kuwanyima waliokufa haki yao ya kuuliziwa: nani alijua, na kwa nini hakufanya kitu?

Yesu alipoambiwa habari za watu waliokufa vibaya, naye akakumbusha wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, alikataa kabisa kusema kwamba walikuwa wenye dhambi kuliko wengine. Iko katika Luka 13. Aliwageuzia wasikilizaji swali, akawataka watubu wao. Fanya hivyo nawe. Funga maombi yako kwa Amina, kisha chukua chepeo. Mfereji ukizibuliwa na watu waliosali, Shetani amepoteza mara mbili kwa siku moja.

Hatua ya 3: Ogopa simba aliyenyamaza

Petro anamfananisha Ibilisi na simba anayenguruma akitafuta wa kummeza. Wazee wetu nao walisema simba mwenda kimya ndiye mla nyama. Maneno haya mawili hayagombani. Ngurumo ni ya kukutisha ukimbie, na mahali unapokimbilia ndipo yule wa kimya anapokungoja.

Ngurumo za Kyebando zinajulikana. Paka mweusi juu ya paa saa tisa usiku. Hirizi iliyookotwa kizingitini. Habari za watu wanaocheza uchi usiku kwenye viwanja vya wenzao. Zinatisha, zinazungumzwa, na zinatukusanya kwa maombi. Wakati huohuo, simba wa kimya amekaa kwenye duka la kubeti pale barabarani, mahali penye televisheni saba na kijana aliyebakiza nusu ya kodi ya chumba mfukoni. Hamwambii aibe. Anamwambia: mara hii tu, timu hii haiwezi kufungwa nyumbani. Hakuna mkesha unaokemea maneno hayo, kwa sababu hayana pembe wala mkia.

Basi soma ratiba yake. Kwa Yesu jangwani hakuja na jiwe na mkate siku ya kwanza ya mfungo; alikuja baada ya siku 40, njaa ilipokuwa imekolea. Kwetu huja mwisho wa mwezi mwenye nyumba anapobisha hodi, huja usiku baada ya ugomvi wa mume na mke, huja mtoto anaporudishwa nyumbani kwa ajili ya ada. Huja pia baada ya ushindi, umetoka kuhubiri vizuri na watu wamekupigia makofi. Luka anaongeza kwamba aliposhindwa alimwacha Yesu kwa muda, maana yake alipanga kurudi. Andika siku zako za udhaifu kwenye karatasi. Mwoneshe rafiki mmoja anayeomba. Siku hizo usikae peke yako.

Hatua ya 4: Soma sura nzima

Watu wengi hawajui kwamba Shetani ana mistari ya kichwani. Alipompandisha Yesu kwenye kinara cha hekalu na kumtaka ajirushe, alimnukulia Zaburi ya 91. Aya aliyoitoa ni ya kweli, imo ndani ya Biblia mpaka leo. Uongo ulikuwa katika mkato: aliitwaa ahadi kwa mtu anayemtegemea Mungu, akaifanya ruhusa ya kumjaribu Mungu. Yesu alimjibu kwa Maandiko mengine, yaani alirudisha aya nyumbani kwake, kati ya ndugu zake.

Kampala utaikuta Yeremia 29:11 kwenye kalenda, kwenye kioo cha teksi na kwenye mkia wa bodaboda. Ni ile aya ya Mungu kuwawazia watu wake mema na kuwapa tumaini. Tunaipenda, na tuna haki ya kuipenda. Lakini panda aya moja juu, ya 10: mema hayo yatakuja baada ya miaka 70 ya uhamisho Babeli. Rudi mpaka aya ya 5 hadi ya 7: wajenge nyumba, wapande bustani, waoe na kuolewa, wautafutie amani mji waliopelekwa. Kisha aya ya 8, Mungu anawaonya wasidanganywe na manabii na waaguzi walio katikati yao. Aya inayotumika kutuahidi gari kabla ya Desemba imekaa katika barua inayowaambia watu wavumilie, wafanye kazi, na wawaogope manabii wa ahadi za haraka.

Kwa hiyo, ukipewa aya moja mkononi, iwe madhabahuni au kwenye simu, fungua Biblia yako na usome kuanzia mwanzo wa sura. Inachukua dakika tano. Shetani hawezi kuvumilia dakika hizo tano, maana biashara yake yote iko kwenye mkasi.

Hatua ya 5: Fuata pesa mpaka zinapoishia

Katika 2 Wafalme sura ya 5, Naamani alipotakaswa ukoma alimletea Elisha zawadi. Elisha akaapa hatapokea kitu. Mtumishi wake Gehazi akamkimbilia Naamani njiani, akatunga hadithi ya wageni wawili waliofika ghafla, akapata talanta mbili za fedha na mavazi mawili. Akazificha nyumbani. Kisha ukoma wa Naamani ukahamia kwake. Hii ndiyo mizani ya zamani kuliko zote: neema ni bure, na anayekimbia nyuma ya mgonjwa kudai malipo ana cha kuficha.

Mwaka 2007, katika uwanja wa ndege wa Entebbe, maofisa walikamata kifaa kilichokuwa kimeagizwa na mhubiri, kile wanachotumia wafanya mazingaombwe kumpa mtu mshtuko wa umeme anapoguswa. Nchi nzima ilizungumza. Wengi walicheka, mimi nilihuzunika, kwa sababu nawajua watu wanaotamani kuguswa na Mungu kwa dhati kabisa, waliofunga na kulia na kupanga foleni.

Kisha kumbuka Kanungu, kusini-magharibi mwa nchi yetu. Kundi la kurejesha Amri Kumi za Mungu, chini ya Joseph Kibwetere, Credonia Mwerinde na padri wa zamani Dominic Kataribabo, liliwaambia waumini dunia itakwisha mwaka 1999 ukiisha. Watu waliuza mali wakakabidhi fedha. Mwaka ukaisha, jua likachomoza kama kawaida. Tarehe 17 Machi 2000 mamia waliteketea ndani ya jengo la ibada, na baadaye miili mingine ikafukuliwa kwenye nyumba za kundi hilo, mojawapo ikiwa Buziga, hapahapa Kampala. Jambo ambalo haliniondoki kichwani ni hili: waumini wale walizuiwa kuzungumza. Waliwasiliana kwa ishara za mikono. Mama aliyekuwa na shaka hakuweza kumnong'oneza hata jirani yake kwenye mkeka. Na Aprili 2023 ndugu zetu wa Kenya walianza kufukua makaburi ya Shakahola, Kilifi, ya watu walioambiwa wafunge mpaka wafe ili wamwone Yesu. Miili ilipita 400.

Kwa hiyo uliza maswali manne kabla hujatoa hela au utii. Fedha hizi zinaishia wapi, na nani anazihesabu pamoja na mchungaji? Nabii huyu akikosea tarehe, anatubu au anapanga tarehe nyingine? Naruhusiwa kumsimulia mama yangu kila kinachofanyika humu? Nikiondoka kesho, nitaagwa au nitalaaniwa? Yohana aliagiza roho zijaribiwe, 1 Yohana 4:1, kwa hiyo kuuliza ni utii. Mchungaji wa kweli atafurahi umeuliza. Wako wengi wa namna hiyo Kyebando, wanaolima, wanaoshona, wanaofundisha shule siku za kazi na kulisha kondoo Jumapili. Mwongozo huu unawaheshimu.

Hatua ya 6: Omba, na umeze dawa

Mama wa chumba cha tatu katika uwanja wetu alikuwa na mtoto wa miaka miwili. Jumatano moja mtoto akashikwa na degedege. Mama alimpeleka kwa mhubiri mmoja, ambaye alimwambia ni roho ya bibi wa ukoo, wafunge siku tatu na wasichanganye imani na dawa. Ijumaa asubuhi mtoto alikuwa amelegea kama kitambaa. Ndipo Jjajja, bibi wa chumba cha mwisho, mwanamke wa Balokole, yaani waliookoka, tangu ujana wake, alipoingia bila kubisha.

"Mwanangu, mtoto amemeza nini tangu juzi?"

"Jjajja, mtumishi amesema tusiguse dawa."

"Mungu wangu na wako ni mmoja. Mimi nitaomba njiani. Wewe vaa viatu."

Walipanda bodaboda hadi hospitali ya Mulago, Jjajja akiomba kwa sauti nyuma ya dereva, mtoto katikati yao amefungwa kwa leso. Ilikuwa malaria iliyopanda kichwani. Mtoto yule leo anasoma, na ananisalimia kwa kupiga magoti kila ninapopita.

Degedege imewadanganya wengi, tangu pwani ya Waswahili hadi huku maziwa makuu. Kwa vizazi vingi watu walisema ni kazi ya pepo, kwa sababu inakuja ghafla na inatisha kutazama. Shetani hakuhitaji kumwingia mtoto yule. Alihitaji tu kuwachelewesha watu wazima kwa siku tatu.

Ukimwi ulitufundisha somo hilohilo kwa gharama kubwa. Mwaka 1987 Noerine Kaleeba na wenzake walianzisha TASO, shirika la kuwasaidia wenye Ukimwi, na kazi yao ilikita mizizi Mulago, majirani zetu. Mwaka 1989 mwanamuziki Philly Lutaaya alisimama mbele ya nchi akasema anaugua, wakati kusema hivyo kulikuwa kama kujizika mwenyewe. Mwaka 1992 Kasisi Gideon Byamugisha wa Kanisa la Anglikana alitangaza hali yake, akawa kiongozi wa dini wa kwanza barani Afrika kufanya hivyo waziwazi. Watu hawa walimpokonya Shetani silaha yake kubwa, aibu. Mficha maradhi kifo humuumbua, na Ibilisi hulipenda sana neno la kuficha. Mtu akikuambia utupe vidonge vya ARV kuonesha imani, kataa kwa jina la Yesu, kisha meza vidonge vyako kwa jina hilohilo. Luka, aliyetuandikia Injili, alikuwa tabibu.

Hatua ya 7: Usimkabidhi jirani yako

Paulo anasema wazi katika Waefeso 6:12 kwamba vita vyetu si juu ya damu na nyama. Sasa tazama jinsi Shetani anavyotugeuza. Biashara ya mtu ikianguka, mtu mwingine mwenye damu na nyama hutajwa: bibi mzee anayeishi peke yake, mke mwenza, mpangaji aliyetoka mkoa mwingine, shangazi asiyezaa. Anatazamwa kwa jicho la pembeni, watoto wanakatazwa kula kwake, na siku moja mawe yanarushwa. Waliokusanyika kumpiga wanadhani wanapigana na Shetani. Shetani amekaa kivulini, amekunja nne, vita vyake vinapiganwa na watu wa Mungu bila mshahara. Kumbuka jina lake, msingiziaji. Anayemsingizia jirani uchawi anafanya kazi ya Ibilisi kwa mikono yake mwenyewe.

Kama unataka mfano wa mtu aliyeshinda hapa, mtazame Festo Kivengere, askofu wa Kigezi. Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin. Kivengere naye alikuwa anatafutwa. Alivuka milima kwa miguu pamoja na mkewe hadi Rwanda. Alikuwa na kila sababu ya kuchukia, na alikiri kwamba chuki ilikuwa imeanza kumla. Mwaka huohuo akatoa kitabu ambacho jina lake kwa Kiswahili ni Nampenda Idi Amin. Hakusafisha maovu ya mtu yule hata kidogo. Aliyataja kwa ulimwengu mzima. Alichokataa ni kumpa Shetani moyo wake uwe mateka wa pili baada ya nchi.

Kwa hiyo, kabla hujasema kwamba fulani ni adui yako, mpelekee sahani ya matooke. Kaa naye mle. Ni vigumu sana kuendelea kuamini kwamba mtu anakuroga mkiwa mnamenya njugu pamoja, na Shetani anajua hivyo, ndiyo maana anapenda kila mtu ale chumbani kwake mlango umefungwa.

Hatua ya 8: Washa taa

Mwaka 1929, juu ya kilima cha Namirembe, Mganda mmoja aitwaye Simeoni Nsibambi alikutana na Joe Church, daktari Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi Gahini, Rwanda. Wote wawili walikuwa na njaa ya kiroho. Walikaa na Biblia zao, wakasoma, wakaomba. Kutokana na urafiki huo na wa wenzao ulikua uamsho wa Balokole, uliovuka Rwanda, Burundi, Kenya na Tanganyika. Alama yao haikuwa sauti kubwa. Njia yao waliiita kutembea nuruni. Mtu alisimama mbele ya wenzake akataja dhambi yake kwa jina, akaomba msamaha, kisha akarudisha ng'ombe, fedha au majembe aliyoyaiba. Walikuwa na makosa yao, na baadhi walihukumu wenzao kwa ukali. Lakini walikuwa wameelewa mpangilio wa silaha. Soma tena Waefeso 6. Kabla ya ngao, kabla ya chapeo na upanga, askari anajifunga kweli kiunoni. Bila mshipi huo, zilizobaki zinaning'inia.

Namna ya kuanza ni rahisi. Tafuta watu wawili au watatu wanaomcha Mungu na wanaojua kunyamaza. Kutaneni siku moja kwa wiki. Taja dhambi yako wewe, usitaje ya jirani kwa kisingizio cha kuombea. Kama ulichukua, rudisha. Na kama mtu ameumizwa, hasa mtoto, jambo hilo liende pia polisi na kwa mwenyekiti wa mtaa, yule wa LC1, kwa sababu nuru ya Mungu haimfichi mhalifu nyuma ya maombi.

Sisi hukutana Jumanne jioni, chumbani kwa Jjajja, watu saba kwenye mkeka. Kuna ndugu mmoja miongoni mwetu anayeuza mkaa kando ya njia ya Nsooba. Alikuwa wa kwanza kufika kwenye kila mkesha, na sauti yake ya kukemea pepo wa umaskini tuliijua sote. Jumanne moja alikaa kimya mpaka mwisho. Kisha akasema, akiangalia mikono yake, "Ndugu zangu, mkebe wangu wa kupimia mkaa nimeubonyeza chini. Miaka minne sasa. Nawaibia."

Hakuna aliyepiga kelele. Jjajja, ambaye ni mteja wake, alimwuliza tu, "Mwanangu, mkebe uko wapi?" Aliuleta. Ulikuwa mkebe wa rangi, mweusi kwa masizi, na tako lake lilikuwa limepigwa kuingia ndani kama vidole vinne hivi. Tuliupitisha mkono kwa mkono. Nilipoingiza mkono wangu ndani nilikigusa kile kibonge cha bati, na nikafikiri: hiki hapa. Ijumaa ngapi tumekitafuta hewani?

Ndugu yule aliuweka mkebe juu ya jiwe la mlangoni, akauingizia mchi, akagonga. Sauti ilikuwa kubwa, majirani wakachungulia, na aliyeuliza aliambiwa ukweli. Kesho yake asubuhi nilienda kununua mkaa. Alijaza mkebe, akaumwaga kwenye mfuko wangu, na vipande viwili vikadondoka nje kwa sababu mfuko niliozoea kuubeba haukutosha tena.